Kazi nne kwenye kikapu kimoja

Julai, Jumamosi ya kwanza

Baridi ya Dodoma mwezi huu inaingia hadi kwenye viungo vya vidole. Nimefika kwa bibi wa Chang'ombe saa tatu asubuhi nikakuta wenzangu wa kikundi cha kushona na kufuma wameshatandika mkeka upande wa baraza unaopata jua mapema, kila mmoja na kanga mabegani. Nikaamkia, nikaketi, nikafungua kikapu.

"Umebeba nini leo, mwanangu?"

Ndilo swali la bibi kila Jumamosi, analiuliza hata kabla ya habari za nyumbani. Nikamwambia nimebeba vyote. Akachungulia kikapu, akanisogezea. "Vyote hutavigusa. Toa kimoja, vingine vifunike."

Nimeanza kuandika kumbukumbu hii kwa sababu ya neno hilo. Kikapuni mna kazi nne na sitaki kuacha hata moja. Kuna shuka la harusi na foronya zake mbili, za mpwa wangu anayeolewa Desemba. Kuna vitambaa vya makochi vya kroshia, rangi ya maziwa, vipande saba, vya mama mkwe wangu aliyeko Singida. Kuna picha ya mbuyu ya mshono wa msalaba, ambayo ni yangu mwenyewe na haina mtu anayeisubiri. Na kuna kofia za watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, kazi ya kikundi kizima: tunataka zifike 60 kabla ya Siku ya Mtoto Njiti Duniani, tarehe 17 Novemba. Mpaka leo zipo tisa.

Wifi yangu aliniuliza juzi nawezaje kuanza kazi nne bila kumaliza moja. Sikuwa na jibu zuri. Nadhani nitalipata humu.

Julai, katikati ya wiki

Usiku, watoto wamelala, nimehesabu mbuyu. Mchoro una misalaba 140 kwa upana na 112 kwa urefu, na nyuma yote inajazwa anga, hakuna mahali pa kupumzikia. Jumla 15,680. Kitambaa cha Aida nilichonacho kina matundu 14 kwa kila inchi, kwa hiyo picha nzima itakuwa inchi 10 kwa 8, ukubwa wa daftari kubwa la shule. Nikishona misalaba 150 kila usiku, ni siku 105. Uzi wake una nyuzi sita nyembamba zilizolazwa pamoja; natenga mbili, natunga, naanzia katikati ya kitambaa. Mguu wa chini wa kila msalaba unalala upande mmoja na wa juu unalala upande wa pili, bila kubadilisha hata mara moja. Ukibadilisha, mwanga unaupiga uzi kwa namna nyingine na mtu anaona doa hata asipojua limetoka wapi.

Julai, Jumamosi ya tatu

Nimebeba mbuyu kikundini, na nimejuta. Mazungumzo yalikuwa matamu, dada wa Ipagala alikuwa anasimulia safari ya kwao Mpwapwa, na nilipofika nyumbani nikagundua shina lote la kushoto limesogea tundu moja. Usiku mzima ni kufumua. Misalaba 212.

Aliyenifungua macho ni mzee wetu wa Kondoa. Ndiye mwanamume pekee kikundini, anashona kofia za mkono, zile za matundu madogo madogo ambayo kila moja huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake unakuwa mgumu, na upepo unapita kichwani. Kofia moja inamchukua wiki kadhaa. Nimekuwa nikimwona anakaa mwisho wa mkeka, uso kwenye mwanga, hatii neno kwa saa nzima. Nikadhani ni tabia yake. Leo nilipomwamkia na kumweleza yaliyonipata alinijibu taratibu: "Kitobo kinataka kimya, mwanangu. Mimi nashona vitobo saa ya kwanza. Saa ya pili nashona pindo, ndiyo nazungumza nanyi."

Kweli, kila nikikumbuka, saa ya pili ndiyo huwa anatusimulia habari za michoro ya kale ya Kolo.

Agosti mwanzoni

Nimezipanga kazi upya. Mbuyu ni wa usiku nyumbani, peke yangu. Kroshia ni ya kikundini, ya foleni, ya kwenye daladala, kwa sababu mkono unaijua kazi bila macho: mnyororo, nguzo, nguzo, mnyororo. Shuka, ambalo mchoro wake ni mzabibu, liko katikati. Shina la mzabibu naweza kulishona huku nacheka na watu. Zabibu zenyewe, zile duara za kujazwa uzi ukilala sambamba na uzi, hazishoneki hivyo.

Shuka lilinipa taabu mapema. Nilipitisha mchoro kwa karatasi ya kaboni ya bluu, mkono ukateleza, foronya moja ikapata michirizi. Nikafanya kosa la pili: niliipiga pasi nikidhani nainyoosha tu, na joto likaishikisha ile bluu kwenye pamba. Nimeifua mara tatu. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, sabuni haitoi povu, na bluu imebaki kivuli. Nimenunua kitambaa kipya cha foronya.

Bibi aliiangalia ile iliyoharibika, hakunisema. Aliomba mchoro wangu, sindano nene, na mkaa. Akatoboa karatasi kufuata mistari yote ya mzabibu, tundu karibu na tundu. Akasaga mkaa ukawa unga laini, akaufunga kwenye kitambaa chepesi kama kifundo cha bizari, akaweka karatasi juu ya foronya mpya na kuigonga taratibu na kile kifundo. Alipoinua karatasi, mzabibu ulikuwa umekaa pale kwa nukta nyeusi, majani yote, mikunjo yote. Mimi nikaunganisha nukta kwa penseli nyepesi, kisha unga uliobaki ukapukutwa. Hakuna alama. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, kabla kaboni haijafika dukani. Karatasi hiyohiyo tumeitumia kwenye foronya ya pili na kwenye shuka lenyewe, kwa hiyo mizabibu yote mitatu inalingana.

Agosti, baada ya Nane Nane

Jumamosi ile wengine walikuwa uwanjani Nzuguni, tukabaki watano. Zabibu za msimu wa pili zimeanza, dada wa Ipagala alileta beseni. Tuna kanuni moja ambayo haijaandikwa popote: zabibu na ubuyu wa rangi vinaliwa baada ya kazi kufungwa, na mikono inanawa. Ubuyu mwekundu ukigusa uzi mweupe, umeugusa milele.

Kofia: 22.

Agosti mwishoni

Upepo. Anayeijua Dodoma anajua Agosti inavyokuja na vumbi jekundu hadi ndani ya kabati. Shuka nalifunika lote kwa kanga na kuacha wazi kile kipande tu kilicho ndani ya fremu. Donge la kroshia naliweka kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu niliyoikata kitako nikakirudisha kwa gundi ya karatasi, uzi unatokea mdomoni. Donge linazunguka humo, halikimbii chini ya makochi, na linabaki na rangi yake.

Vitambaa vya Singida: vinne kati ya saba vimekwisha, uzi uliobaki hautoshi. Mwenzetu mmoja alikuwa anakwenda Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024, safari ya Kariakoo imekuwa ya kwenda na kurudi bila kuchoka sana, na sisi tunamtwisha kila mtu orodha. Akaniletea uzi wa kampuni ileile, namba ileile. Ukiushika peke yake huoni kitu. Ukiulaza kando ya ule wa zamani, mpya ni wa manjano kidogo. Nyuzi hupikwa rangi kwa mafungu, na fungu halifanani na fungu kabisa. Nilipaswa kununua wote siku moja.

Tulikaa juu ya jambo hilo nusu saa, watu saba wakigeuza vitambaa juani. Shauri lililoshinda ni la wale mabinti wawili wa chuo: uzi wa zamani uliobaki utoshe sehemu za katikati za vipande vitatu vilivyosalia, na uzi mpya utumike kwenye ukingo wa vyote saba. Tofauti ikiwa mahali pamoja kila kipande, inakuwa pambo. Nimefumua kingo nne zilizokuwa tayari. Inaumiza, lakini ni sahihi.

Septemba, Jumamosi ya pili

Leo naandika kirefu.

Mwalimu wetu mstaafu wa Makole alifiwa na mumewe Julai. Tulikwenda msibani, tulichanga, tulilala kule. Leo amerudi kwa mara ya kwanza. Hakubeba kitu. Alikaa ukutani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Yeye ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote hapa, aliyenifundisha kushika sindano ya kroshia bila kuibana, na sasa vidole vilikuwa vimelala kama si vyake.

Bibi hakumuuliza swali lake la kila siku. Alimpa vifungu vya uzi wa zambarau wa kofia za njiti, akamwambia, "Nisaidie kukunja, macho yangu leo hayaoni." Macho ya bibi yanaona vizuri sana. Mwalimu akakunja. Mimi nilimshikia uzi viganjani, mikono imetanuka, naye anavuta, anazungusha, anavuta. Hatukuzungumza. Wengine waliendelea na hadithi zao kwa sauti ya chini, mama wa Chamwino akitunga ushanga wake wa kazi ya Kigogo, chembe moja moja, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Mpaka saa sita mwalimu alikuwa amekunja madonge manane. Alipoinuka kuondoka aliingiza moja mkobani mwake, na hakuna aliyesema kitu.

Septemba, Jumamosi ya tatu

Mwalimu amekuja na kofia sita. Sita! Ameeleza kwamba usingizi unakatika saa tisa usiku, basi anakaa kitandani na kufuma hadi adhana. Muuguzi wetu alizipima zote kwa futi kamba: kati ya sentimita 25 na 30 kwa mzunguko, ndivyo tunavyotaka. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Ngozi yake nyembamba, mafuta mwilini machache, na kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake, kwa hiyo joto linapotelea huko. Ndiyo maana uzi ni wa pamba laini, matundu yanabanwa, hakuna kifungo wala utepe. Mtoto anawekwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kofia inakamilisha. Muuguzi anapoeleza hivyo, donge la uzi mkononi linapata uzito mwingine.

Jumla 38.

Septemba mwishoni

Vitambaa vya Singida vimekwisha. Nimevilowesha kwenye maji ya wanga wa muhogo, nikavibana na pini juu ya godoro, kila ncha mahali pake, vikakauka usiku mmoja. Mama mkwe amepiga simu. "Asante mwanangu. Ule ukingo umeupendezesha kweli."

Oktoba, Jumamosi ya pili

Joto limeingia. Kiganja kinatoa jasho na sindano inakwama kwenye pamba, basi napaka poda kidogo na kuifuta kila baada ya robo saa. Shuka: pindo lote la juu limekamilika, foronya ya kwanza imekamilika, zabibu 46 zimejazwa na nimezishona zote alfajiri, kabla ya kuku wa jirani. Mbuyu umetimiza mistari 71, yaani misalaba 9,940. Kwa hesabu ya Julai ungekuwa karibu kwisha. Sijali. Unanipa ile saa ya usiku ambayo sina mahali pengine pa kuipata.

Wifi alikuja jana kutazama shuka. Nikamweka mbele ya kikapu nikampa jibu lake: hii ni ya alfajiri, hii ya usiku, hii ya pamoja na watu. Ningekuwa na moja tu, nyakati mbili kati ya hizo ningekaa mikono mitupu. Akaishika kofia ya njiti, akaivisha ngumi yake, akanyamaza. Kisha akauliza tunakutana saa ngapi.

Kofia 51. Zimebaki tisa na wiki tano.

Jumamosi ijayo nabeba foronya ya pili, shina tu, na uzi wa kijani. Na sindano ya kroshia ya ziada, ya wifi.