Upo?

Naanzia kwenye jino. Mwaka jana jino langu la nyuma huku kulia lilinisumbua karibu wiki tatu, sio yale maumivu ya kukurusha kitandani, ni yale ya kukuchosha taratibu, unaamka asubuhi taya limekaza mpaka sikioni, mchana linapoa, kesho tena. Nikavumilia maana nilikua najiambia nikimaliza hii ripoti ntaenda, ripoti ikaisha ikaja nyingine, nikaja kwenda siku ambayo kutafuna kumeshindikana kabisa.

Dokta ni mama mtu mzima, mpole. Akachungulia, akapiga picha, akaiangalia ile picha weee afu akaniambia jino halina shida, mazima yote. Nikataka kubisha. Akaweka vidole viwili hapa shavuni, pale msuli unapotuna ukikaza meno, akabonyeza kidogo tu nikaruka kwenye kiti. Akasema unasaga meno usiku mdogo wangu, tena sana, huku juu yameshaanza kulika. Afu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaeuliza jina, "Kuna kitu kinakusumbua?"

Nikalia. Nimelala pale taa usoni machozi yanaingia masikioni. Sikua nimefiwa, sikua nimeachwa, kazi ninayo, mshahara unaingia. Nikasema tu "kazi, dokta". Akanipa tishu, akakaa pembeni akaniacha nilie mpaka yakaisha.

Sasa hiyo "kazi" niliyoisema pale, nikikaa kuitafuta ilikua wapi hasa, naikuta kwenye neno moja.

Bosi wangu wa kitengo hakua mtu mbaya, hajawahi kunifokea ata siku moja. Ila alikua anaandika mesej usiku, na haandiki anachotaka, anaandika "Upo?" Basi. Saa tatu na nusu, saa nne, kuna siku saa tano na dakika kumi. Ni neno dogo sana, halijakuomba kitu kwaiyo huwezi kulikatalia, utakataa nini wakati hujaombwa? Unajibu "Nipo". Na ukishajibu nipo umeshaingia, kinachofata kiwe cha dakika mbili au cha masaa mawili huna pa kutokea, si umesema mwenyewe upo.

Mi nilikua najibu ndani ya dakika moja. Nimejibu nikiwa bafuni sabuni mkononi. Nimejibu kwenye foleni ya hospitali. Kwenye harusi ya rafiki yangu wa toka utotoni nilitoka nje nikasimama karibu na jenereta narekebisha jedwali la Eksel kwenye simu, na niliporudi ndani alishamaliza kutoa shukrani zake na kwenye hizo shukrani alinitaja jina. Nimeambiwa na waliokuwepo.

Mwanzoni ilikua sifa kwangu, sitaki kusema uongo. Kwenye kikao bosi aliwahi kusema mbele ya watu wote "huyu ukimtafuta unampata", nikafurahi wiki nzima. Na nyuma ya hiyo furaha kuna mkataba, wa mwaka mmoja, unaongezwa au hauongezwi, na mtu mwenye mkataba wa hivyo akiona "Upo?" saa nne usiku hasomi hilo neno peke yake, anasoma na kodi, na ada ya mdogo wake, na yale majina ya watu wanaoitaka nafasi yake. Ndo maana ushauri wa "jifunze tu kusema hapana" huwa unaniumiza, mara nyingi unatoka kwa mtu ambae akisema hapana hapotezi kitu.

Dokta alinieleza na baadae nikasoma mwenyewe. Ukishtuka kuna tezi ziko juu ya figo, zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, afu inafata kotisoli inahakikisha sukari ipo ya kutosha kwenye damu ili uwe na nguvu ya kupambana au kukimbia. Ni mfumo mzuri kabisa kama kitu kinaanza na kinaisha. Sasa mimi kilikua hakiishi, maana ata siku ambazo bosi hajaandika nilikua nasubiri aandike. Simu ilikua chini ya mto. Nilikua nasikia mtetemo ambao haupo, nainuka naangalia, hakuna kitu, narudi kulala na taya limekaza.

Kuna mwanasaikolojia anaitwa Bluma Zeigarnik, mwaka 1927 alichapisha utafiti wake unaoonyesha watu wanazikumbuka zaidi kazi walizokatishwa katikati kuliko walizozimaliza. Niliposoma hiyo nikaelewa kwanini kichwa changu kikifika kitandani kinaanza kuorodhesha: barua haijajibiwa, jedwali la mwezi wa tatu halijabalansi, fulani hajanirudishia faili. Kila usiku nilikua nalala na kazi kumi zilizokatwa katikati, na nilikua nazikata mimi mwenyewe kwa kukimbilia kila upo inayoingia.

Ila kilichonigeuza sio kusoma. Ni mama.

Mama alinipigia jumapili jioni, ananieleza majibu ya vipimo vyake vya presha. Mama yangu mtu wa maneno mengi, anaanzia mbali, aliamka saa ngapi, alikaa na nani kwenye benchi, huyo mtu nae alikua anaumwa nini. Nimeweka spika, naitikia mmh, mmh, huku juu ya skrini imeingia mesej nimeshaifungua naandika. Mara nikasikia kimya. Afu mama akasema, "Haloo? Upo?"

Nikasema nipo mama.

Akasema, "Haya, nimekwambiaje?"

Sikua na cha kusema. Sikumbuki ata kama nilijaribu kubahatisha. Hakunigombeza, na hicho ndo mpaka leo kinaniuma, alisema tu "basi mwanangu, umechoka, pumzika, tutaongea siku nyingine" akakata. Nikabaki nimeshika simu. Yale majibu ya presha nikaja kuyajua kwa dada yangu siku mbili baadae, kumbe ilikua juu sana na wamembadilishia dawa, na mimi ndo alinipigia wa kwanza kuniambia.

Usiku ule mesej ya bosi niliijibu, ndio, niliijibu vizuri tu na faili nikatuma. Afu nikakaa chini sakafuni.

Wiki ile nilisoma mengi kwa hasira. Nikakuta kwamba Shirika la Kazi Duniani mkataba wake wa kwanza kabisa, mwaka 1919, ulikua ni wa masaa ya kazi viwandani, masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Zaidi ya miaka 100 watu wamelipigania hili jambo, na mimi nilikua nayatoa masaa yangu bure kwa neno la herufi tatu. Nikakuta pia mwaka 2021 hilo shirika pamoja na Shirika la Afya Duniani walitoa makadirio kwamba mtu anaefanya kazi masaa 55 na kuendelea kwa wiki hatari yake ya kiharusi inakua juu kwa asilimia 35 kuliko anaefanya 35 mpaka 40. Nikachukua karatasi nikajumlisha masaa ya wiki yangu, ya ofisini na ya kitandani. Yalifika 61. Niliyahesabu mara mbili.

Na hilo Shirika la Afya, kwenye orodha yao ya magonjwa iliyopitishwa 2019, wameueleza huu uchovu wa kazi wa kupitiliza kwa mambo matatu, kuishiwa nguvu, kuanza kuichukia kazi yako au kujiweka nayo mbali kimoyo, na kuona huna tena unachokiweza. Wanasema sio ugonjwa, ni hali inayotoka kwenye stresi ya kazini ambayo haijashughulikiwa. Hapo ndo nilitulia kidogo. Nilikua naamini mimi ndo nimeharibika.

Kuna nchi wameshaandika sheria. Ufaransa toka 2017 kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zinatakiwa kukaa mezani na wafanyakazi wao kujadili haki ya kutopatikana nje ya masaa ya kazi, na Australia toka 2024 mfanyakazi anaruhusiwa kutosoma wala kutojibu simu na mesej za kazi muda wake ukiisha, isipokua pale ambapo kukataa kwake hakuna sababu ya msingi. Mi naona ni sahihi kabisa, mtu mmoja mmoja na mkataba wake wa mwaka mmoja hawezi kupambana na hili peke yake kila usiku.

Ila sheria hizo hazinihusu mimi nilipo, kwaiyo nikaanza na nilichonacho. Sikwenda kwa bosi na hotuba. Niliogopa na sidhani kama ingesaidia. Nilichofanya nilinunua saa ya mezani ya alamu, ile ya betri, ili simu isiwe na kisingizio cha kulala chumbani, simu ikaenda kulala sebuleni juu ya kabati. Usiku wa kwanza sikulala, nasema kweli, niliamka mara tatu kwenda kuichungulia. Wa pili mara moja. Sijui wa ngapi ndo nililala mpaka asubuhi.

Bosi nilimwandikia asubuhi, sio usiku, nikamwambia hivi: "Bosi habari ya asubuhi, kuanzia saa mbili usiku simu yangu inakua mbali na mimi. Kukiwa na dharura naomba unipigie nitapokea. Mengine nayaona asubuhi saa moja na nusu na nitayaanza hayo kwanza." Niliiandika na kuifuta kama mara nane, mkono unatetemeka kwa mesej ya mistari mitatu. Akajibu "Sawa". Basi, sawa. Miezi yote ile taya limekaza, jibu lilikua sawa. Sisemi kila bosi atajibu hivyo, wengine wangenikumbuka siku ya kuongeza mkataba, na mwenye bosi wa namna hiyo mi siwezi kumlaumu akiendelea kujibu usiku.

Toka siku ile amenipigia usiku mara mbili tu. Zile "upo" nyingine zote, kumbe zilikua zinaweza kusubiri.

Jingine lililonisaidia linatokana na utafiti wa mwaka 2011 wa Masicampo na Baumeister, walikuta kwamba kazi isiyoisha inaacha kukusumbua kichwani ukishaiandikia mpango, ata kama bado hujaifanya. Kwaiyo kabla sijafunga laptopu naandika mistari michache, kesho naanza na nini, saa ngapi, kwa kufungua faili gani. Sio "malizia ripoti", hiyo haisaidii, naandika "saa mbili na nusu fungua jedwali la mwezi wa tatu, safu ya malipo, tafuta tofauti". Nikifika kitandani kichwa kikianza nakiambia imeandikwa, na mara nyingi kinanyamaza.

Dokta alinitengenezea kile kiplastiki cha kuvaa usiku kuyalinda meno, bado nakivaa. Na mama sasa hivi nikiongea nae laptopu naifunga kabisa, sio kuigeuza, naifunga, namsikiliza mpaka mambo ya mtu wa kwenye benchi. Kuna siku bado nashindwa. Mwisho wa mwezi uliopita nilifanya kazi mpaka saa sita usiku siku tatu mfululizo na asubuhi taya likanijibu.

Na nisingeandika yote haya kama isingekua kilichotokea wiki mbili zilizopita.

Ofisini tuna binti wa mafunzo ya vitendo, mdogo sana, mwepesi kuelewa, nimepewa mimi nimwelekeze. Nilikua natafuta namba ya faili aliyonitumia zamani nikawa napandisha mesej zetu juu, juu, napandisha. Nikakuta mesej yangu. Siku ya jumatano, saa nne na dakika ishirini usiku.

"Upo?"

Na yeye dakika ileile, "Nipo dada."

Nikaendelea kupandisha. Zilikua nne. Zote nne kajibu nipo, moja kajibu saa tano kasoro, na chini yake mimi nimeandika "kuna kitu kidogo tu". Nimezisoma zile mesej nikiwa nimesimama katikati ya ofisi na sikuweza kukaa. Sikukumbuka kuziandika ata moja.

Kesho yake nikamwita tukatoka nje kwenye ngazi. Nikamwomba msamaha, akashtuka, akasema "hapana dada hamna shida kabisa, mi nilikua macho tu". Nikamwangalia usoni nikajua hilo jibu, ni langu lile, nimelisema miaka miwili. Nikamwambia kuanzia leo nikikuandikia ntaandika ninachotaka chote kwa mara moja, ukiikuta mesej yangu ya usiku usiifungue, ilale hapo mpaka asubuhi.

Akafikiria kidogo. Akauliza, "Ata ukiandika ni haraka?"

Nikamwambia ata nikiandika haraka, kama haraka kweli ntapiga.

Akatoa kijidaftari chake akaandika.