Kitufe kimoja, faili moja

Kisumu, Jumanne usiku

Leo nimemaliza kuhamishia mitindo ya vitufe (CSS, yaani kanuni za mwonekano) ya mfumo wetu wa wavuti kwenye moduli yake, yaani faili yake ya JavaScript, na moyo wangu umetulia kabisa.

Mfumo wenyewe ni wa wachuuzi wa samaki wa Dunga, ufukweni hapa Kisumu: fomu ya kupokea mzigo, bei za ngege, mbuta na omena, risiti. Kila sehemu ni kipengee chenye DOM yake ya kivuli (shadow DOM, yaani muundo wa ndani uliotengwa na ukurasa), kwa hiyo CSS ya ukurasa haipenyi ndani. Ulinzi huo naupenda. Lakini ndio uliofanya kitufe kilekile kiandikwe upya kila mahali. Wachuuzi wakiomba kitufe kikubwa zaidi, maana kidole chenye maji ya samaki hakilengi vizuri kwenye simu, inabidi nipekue faili baada ya faili.

Sasa ipo `vitufe.js`. Ndani yake nimeunda karatasi ya mitindo kwa `new CSSStyleSheet()`, nikaijaza kanuni kwa `replaceSync`, nikaitoa kwa `export` ili faili nyingine ziitumie. Fomu inaileta kwa `import` na kuiweka kwenye `adoptedStyleSheets`, orodha ya karatasi zinazotumika ndani ya kivuli chake, ikifuatwa na mitindo ya fomu yenyewe. Mpangilio huo una maana: kanuni mbili zikilingana nguvu, ya karatasi ya mwisho ndiyo inayoshinda. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba vipengee vyote vinatumia karatasi ileile, si nakala. Nikiibadilisha, vyote vinabadilika papo hapo.

Chrome inayaelewa haya tangu 2019, Firefox tangu 2022, Safari tangu toleo 16.4 la 2023. Wachuuzi wetu karibu wote wana Android, kwa hiyo naendelea bila hofu.

Mwenzangu kazini alipendekeza tuweke mitindo yote kwenye faili moja kubwa. Nilikataa, na bado nakataa. Nikifungua risiti na kuona mstari wa `import`, najua inategemea nini. Faili kubwa ingenificha hilo. Rangi nazo hazimo kwenye moduli. Zinakaa kwenye ukurasa kama `--rangi-kuu`, kwa sababu vigeu vya CSS hurithiwa hadi ndani ya kivuli.

Kesho ni zamu ya jedwali la bei. Mitindo ya mistari yake nitaitenga kwenye moduli, kwa sababu risiti pia inaihitaji. Upana wa safu nitauacha humohumo kwenye jedwali.