Wilbaro na Mgawanyiko Wetu

Kati ya mwaka 2018 na 2022, sisi Wakenya tulifundishwa kujigawa upya. Kwa miongo kadhaa mgawanyiko wetu mkuu ulikuwa wa kikabila, na tuliijua gharama yake: tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mbali na mamia ya maelfu waliofukuzwa makwao. Ndipo William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, alipoanza kuzunguka nchi akisema kwamba kabila si hoja tena, na kwamba Kenya ina pande mbili tu: mahasla wanaoamka alfajiri kutafuta riziki, na familia chache zilizorithishana mamlaka tangu enzi za Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga.

Wengi waliompinga hawajaelewa hadi leo kwa nini maneno hayo yaliwaingia watu. Walidhani ni ulaghai mtupu, ilhali manung'uniko yaliyokuwa chini yake yalikuwa ya kweli. Mnamo Machi 9, 2018, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, na mpinzani wake mkuu Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, walisalimiana hadharani jijini Nairobi, miezi michache tu baada ya uchaguzi wa 2017 uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa, ambapo wafuasi wao walikuwa wamepigana na wengine kuzikwa. Handisheki, kama salamu hiyo ilivyoitwa, ilileta utulivu, jambo ambalo silidharau hata kidogo. Hata hivyo, ilifuatwa na mpango wa wawili hao wa kubadilisha katiba, BBI, ambao miongoni mwa mapendekezo yake yalikuwa kuongeza vyeo vya juu serikalini, ukiwamo wa waziri mkuu na manaibu wake, wakati ambapo wachuuzi na wahudumu wa bodaboda walikuwa wakihangaika na kafyu ya korona. Mtu aliyefungiwa kibanda chake jioni huku akisikia viongozi wakijadili namna ya kupanua meza yao hakuhitaji kushawishiwa sana kwamba ametengwa.

Ruto aliichukua hasira hiyo akaipa alama, nayo ni wilbaro, mkokoteni wa gurudumu moja, nembo ya chama chake cha UDA. Wapinzani wake waliikejeli, wakauliza ni kiongozi gani anayewaahidi vijana waliosoma kazi ya kusukuma mizigo. Kejeli hiyo ilimfaidi yeye kuliko mabango yote aliyobandika, kwa kuwa kila aliyewahi kusukuma mkokoteni kulipia karo ya wanawe aliisikia kama tusi lililomlenga yeye binafsi.

Kwamba msemaji wa mahasla alikuwa mbunge tangu 1997, akawa waziri, kisha Naibu Rais tangu 2013 katika serikali hiyo hiyo aliyoilaumu, hakukumpunguzia kitu. Siasa za aina hii hazimtaki kiongozi awe maskini; zinamtaka amtaje adui kwa jina na aonekane kuchukiwa naye. Uhuru alipomtenga na kumuunga mkono Raila, alimkabidhi Ruto ushahidi aliouhitaji.

Matokeo yalitangazwa Agosti 15, 2022: Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo hayo siku hiyo hiyo, kabla ya Mahakama ya Juu kuyathibitisha mnamo Septemba 5. Baadhi ya wachambuzi walishangilia kwamba tabaka limeishinda kabila. Mimi naisoma ramani ya kura hizo kwa namna nyingine. Maskini wa Siaya na Kisumu, ambao hawana mashamba ya kurithi wala hisa katika benki, walimpa Raila karibu kura zao zote, na wakazi wa Kibera hawakumwacha. Ruto alizoa kura katika Bonde la Ufa, kwao, na katika Mlima Kenya, kwao mgombea mwenza wake Rigathi Gachagua. Ni kweli kwamba Mlima ulimkaidi Uhuru, mtoto wake, na hilo si jambo dogo. Lakini mstari uliodaiwa kutenganisha matajiri na maskini ulipita, kwa sehemu kubwa, pale pale ilipokuwa mipaka ya zamani. Gachagua mwenyewe alilithibitisha hilo bila haya alipoifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, ambamo waliopiga kura vizuri ndio wanaostahili kuvuna kwanza.

Halafu ikaja hesabu. Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilizinduliwa Novemba 30, 2022, na mikopo yake ilianzia shilingi 500, ambazo mtu alitakiwa kuzilipa ndani ya siku 14. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikawakata wenye mishahara asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, na ikaongeza kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Hiyo ya mwisho haikuzungumzwa sana, ingawa ndiyo iliyomgusa moja kwa moja mwenye duka dogo aliyeambiwa kwamba serikali hii ni yake. Serikali ilibanwa kweli: ilirithi deni kubwa, na ilikabiliwa na mkopo wa dola bilioni 2 wa Eurobond uliotakiwa kulipwa Juni 2024. Hata hivyo, kiongozi aliyewaeleza watu kwamba shida zao zote zimetokana na familia mbili hakuwa ameacha nafasi ya kuwaeleza habari za riba na wadai. Wananchi walifanya kama walivyofundishwa, wakamtafuta adui aliye juu, na safari hii waliyemkuta huko ni yeye. Wakamwita Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia, wakamtaka ashuke.

Vijana waliojaza barabara mnamo Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Jioni ile Rais aliyaita matukio hayo uhaini. Kesho yake akakataa kuutia saini mswada. Kufikia Julai 1, tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Kilichofuata ndicho ninachokifikiria zaidi kuliko hotuba zote za kampeni. Ruto alivunja Baraza la Mawaziri, kisha akawaingiza washirika wa Raila: John Mbadi akapewa Hazina ya Taifa, na Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi wakapata wizara. Oktoba 2024 Gachagua aling'olewa kwenye kiti cha Naibu Rais na Bunge na Seneti. Machi 7, 2025, Ruto na Raila walitia saini makubaliano rasmi. Tukumbuke kwamba mwaka 2007 wawili hao walikuwa pamoja ndani ya chama cha ODM, na kwamba mwaka 2013 Ruto alikuwa na Uhuru dhidi ya Raila. Wakubwa wamekuwa wakiuvuka mstari kila walipotaka, na hakuna aliyewadai nauli. Wafuasi ndio wanaobaki pande zao, na jirani waliyegombana naye, na ndugu waliyemtoa katika kundi la WhatsApp la familia.

Raila alifariki Oktoba 2025. Gachagua, aliyezindua chama chake cha DCP mnamo Mei mwaka huo, ndiye anayewaambia wakazi wa Mlima kwamba wamesalitiwa. Wanaomtaka Ruto aondoke wanaimba wantam, yaani muhula mmoja, wanaomtaka abaki wanajibu tutam, yaani mihula miwili, na safari ya kuelekea uchaguzi wa 2027 imeshaanza kwa mtindo huo. Sijasikia upande wowote ukieleza utafanya nini na kodi ya mwenye kibanda, wala na deni lililozaa miswada yote hiyo.