Migomba Sengerema: mitego badala ya bomba

Tangu masika yaanze, bomba la dawa limelala stoo. Shamba linateremkia ziwani, na mvua kubwa hushusha kila kitu kule kule tunakochota maji. Isitoshe, funza wa fukusi, yule mdudu mweusi wa migomba, hukaa ndani ya tunguu, yaani kitako cha mgomba kilicho ardhini, anatoboa humo mpaka mgomba unalegea, upepo ukija unaanguka na mkungu wake. Dawa ya kupuliza juu haimfikii. Inaua sisimizi wanaokula mayai yake! Kuba waliwatumia sisimizi hao makusudi kwenye migomba. Sisi tunawamwagia sumu.

Mtego wenyewe ni shina la mgomba uliovunwa karibuni. Nakata kipande cha kama sentimita 40, napasua kwa urefu, nalaza upande wa ndani chini, karibu na mgomba. Harufu inawavuta fukusi usiku. Baada ya siku mbili tatu nageuza: wako pale, weusi, miguu wameikunja wakijifanya wamekufa. Waongo wakubwa. Naokota, natia kwenye kopo la maji ya sabuni. Ukichelewa mpaka shina lioze, umewafugia.

Mzee jirani alisimama akatazama. "Mwanangu, utaokota hadi lini?"

"Mzee, huyu hatagi kama inzi. Yai moja moja, polepole. Ukiokota majike, umemkata mbio."

Akaguna, akaenda zake. Wiki iliyofuata niliona vipande vya shina kwake.

Mitego ya katikati siku hizi karibu mitupu. Ya ukingoni, penye visiki vya zamani, bado inajaa, na hapo ndipo nilipohamishia nguvu. Nakata visiki hadi usawa wa ardhi, nafukia kwa udongo, mashina nayachanachana yakauke upesi. Matandazo nayo nimeyavuta mbali kidogo na mashina, maana fukusi hupenda unyevu.

Ua dume nalivunja kwa mti wenye panda, si kwa panga, maana panga hueneza ugonjwa wa mnyauko.

Machipukizi ya kupanda vuli nitayamenya tunguu hadi libaki jeupe. Kisha nitayachovya kwenye maji moto, kuua mayai na funza waliobaki. Kitabuni ni maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20. Kipimajoto sina, kwa hiyo nitatumia njia ya maji yanayochemka, sekunde 30 tu. Sufuria ya kutosha ndiyo naitafuta, maana ya mama watoto nimeshakatazwa.