Nilivyomzoesha dada kulala kifudifudi kabla ya saruji ya mgongo

Kila aliyekuja kumwona dada hapa Newala alikuwa na fundi wake wa kuchua. Mmoja alifika na chupa ya mafuta ya ufuta, mikono ya shati ameshaikunja. Nikamwambia, mzee wangu, huo mfupa umeliwa na saratani iliyotoka kwenye titi, ukiukandamiza utavunjika. Akanuna. Na anune.

Picha zake nilizipeleka Dar mwenyewe, mgonjwa nikamwacha nyumbani. Kwa nini umtikise njia nzima kabla hujajua kama atapokelewa?

Pingili ya uti wa mgongo iliyomtesa ilikuwa juu, katikati ya mabega. Daktari akanieleza: sindano nene inapenya ngozi hadi ndani ya pingili, eksirei ikionyesha njia, kisha inasukumwa saruji maalumu ya mifupa, laini kama dawa ya meno. Ndani ya dakika chache imeganda na mfupa umeshikika. Wafaransa walianza kazi hii Amiens mwaka 1984, tena kwenye pingili ya shingo, basi wanaosema "huko juu haiwezekani" wamechelewa. Ila huko juu mfupa ni mwembamba, mabega yanaziba picha ya ubavuni, na saruji ikivujia kwenye mishipa ya fahamu ni balaa. Kwa hiyo mgonjwa atalala kifudifudi, kwa ganzi ya sindano tu, asitikisike karibu saa nzima.

Dada yangu, kifudifudi! Hata chali alikuwa analala kwa kuegemea mito.

Tulijaribu godoro la sponji. Likadidimia, shingo ikapinda, akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Mito ya sufi chini ya kifua, pumzi ikambana. Ndipo nikakumbuka kitanda cha kamba cha marehemu bibi, teremka tukaze, kimesimamishwa stoo. Nikalegeza kamba za kichwani, nikazitanua ukapatikana upenyo wa uso, nikazungushia kanga. Dada akalala, uso unatazama sakafu, shingo imenyooka. Chini nikamwekea redio. Mwanzo alivumilia taarifa ya habari tu. Baadaye akawa anamaliza mpira mzima, halafu ananigombeza kwa nini Simba wamefungwa. Manesi wa Dar walishangaa alivyotulia. Mimi sikushangaa.

Safari ilikuwa Noah hadi Mtwara, amelala nyuma, kisha ndege. Hela ya korosho ya msimu ule iliyeyuka karibu yote, sitaki hata kuihesabu. Mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda semeni mapema, sisi tuliulizwa mara mbili.

Kesho yake baada ya kuwekewa saruji alijigeuza kitandani bila kuita mtu. Vidonge vimepungua, ingawa havijaisha. Mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, bado tunaifuata, maana saruji inashika mfupa, saratani haiiui. Na mgonjwa wa namna hii miguu ikianza kulegea au mkojo ukagoma, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata usiku.