Mchagga anayewashwa na ndizi

Miaka miwili ya kwanza hapa Columbus, Ohio, msimu wa chavua, ule unga wa maua, ulipita bila hata chafya. Mwaka wa tatu, katikati ya Agosti, joto bado kali, nikaanza kupiga chafya kumi mfululizo kila asubuhi. Macho yanawasha, pua inachuruzika maji matupu. Mama akanipigia kutoka Moshi: "Jifukize mwanangu, hayo mafua." Nikajifukiza. Lakini mafua gani yasiyo na homa, yanayokaa wiki tisa kisha yanaondoka yenyewe jalidi ya kwanza ikianguka Oktoba?

Nililaumu maua ya njano yaliyojaa njiani kwenda kituo cha basi. Nikayasingizia bure. Hayo ni goldenrodi, chavua yake nzito, inanata, hubebwa na nyuki. Mchawi alikuwa jirani yake, ragwidi, gugu la kijani lisilo na ua la kutazamwa. Shina moja laweza kumwaga chavua bilioni moja kwa msimu, na upepo huipeleka mamia ya kilomita, kwa hiyo kung'oa lililo uani kwako ni kujipa moyo tu.

Iliyonifumbua macho ni ndizi. Nilikula mbivu, midomo na koo vikawasha. Wiki iliyofuata, tikiti maji nalo vilevile. Nikamtajia daktari kama jambo la pembeni. Akacheka, akanidondoshea mkononi vitone vya vitu vinavyoleta mzio (aleji) na kuvichoma kidogo kidogo. Cha ragwidi kikavimba kama nimeumwa na mbu. Kumbe protini za ndizi na tikiti zinafanana na za chavua ile, mwili unazichanganya. Mtoto wa Kichagga, ndizi! Mama sikumwambia hadi Krismasi.

Siku hizi dawa ya kupulizia puani naianza mwanzoni mwa Agosti, kabla ya chafya ya kwanza. Zamani nilisubiri pua izibe, napuliza siku moja, halafu naitukana dawa. Tena nilikuwa naielekeza katikati ya pua. Mfamasia ndiye aliyenionyesha kuielekezea upande wa sikio. Setirizini, kidonge cha mzio, nameza usiku, maana mimi hunilaza.

Lililoniuma zaidi ni kamba ya nguo. Kwangu shuka isiyoonja jua haijafuliwa. Kumbe mchana kutwa zilikuwa zinakusanya chavua, usiku nazilalia! Sasa natumia mashine ya kukaushia, shingo upande, mpaka Oktoba. Naoga na kuosha nywele kabla ya kulala, na mbio nimezihamishia jioni kwa kuwa ragwidi humwaga zaidi asubuhi. Hesabu ya chavua naifuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia matokeo ya Simba na Yanga; ikivuka chembe 50 kwa mita ya ujazo ya hewa, madirisha yanafungwa.

Bado napiga chafya, mbili tatu, basi. Na ndizi zikipikwa haziniwashi, moto unazivunja zile protini. Kwa hiyo mtori nakunywa Septemba nzima.