Tulivyoanza kusoma kwa kanga

Ninafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, mkoani Tanga. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 wazazi wanaleta watoto kwa wingi. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina zaidi ya 70 na mikeka mitatu. Vitabu vya hadithi tulivyonavyo vinakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu ya panya.

Watoto wengi wanafika wakijua kuimba a, e, i, o, u. Wanaimba vizuri hasa. Ila mwonyeshe mmoja herufi o peke yake, atarudi kuanzia a mpaka aifikie. Kwa hiyo nyimbo sikuziacha, ila nilianza kuvuruga mpangilio. Niliokota vizibo vya soda, nikaandika irabu juu yake kwa maki pen, nikawa natembea navyo mfukoni. Mtoto akija kuomba ruhusa ya kwenda chooni, namtolea kizibo kimoja: hii inaliaje? Akijibu, anakwenda. (Aliyebanwa kweli namwacha apite, mimi si katili.)

Kabla ya konsonanti tulicheza sana na sauti za maneno. Tunapiga makofi kwa majina yao: Re-ha-ma, Ju-ma. Halafu m-to-to, makofi matatu, na hapo ubishi unaanza, maana mbu-zi ni mawili tu japo naye anaanza na m. Nawaacha wabishane. Anayebishania silabi tayari anayasikia maneno kwa ndani, na Kiswahili kikishasikika hivyo kazi inapungua, kwa sababu kinasomeka kama kinavyoandikwa.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Kwenye kikao cha wazazi swali lilikuwa lile lile: mbona daftari la mtoto halina kitu? Ukitaja kumsomea mtoto jioni, kimya. Bibi mmoja alisema wazi: "Mwalimu, mwanangu, mimi kusoma sijui. Nitamfundisha nini?" Nilimwangalia alivyojifunga. Kanga yake ilikuwa imeandikwa NANI KAMA MAMA.

Herufi zake ni n, k, m na irabu mbili tu, a na i. Nikapanga upya masomo yangu ili konsonanti hizo tatu zitangulie, nikawaomba wazazi kitu kimoja: jioni mtoto aikunjue kanga, atafute herufi ya wiki kwenye jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Asiyejua kusoma hazuiliki, kwa sababu kanga ile aliichagua dukani kwa maneno yake na anayajua kwa moyo. Yeye anasema polepole, mtoto anafuata kwa kidole.

Tatizo lilijitokeza mara moja: jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na ubaoni mimi nilikuwa naandika ndogo. N na n, A na a, kwa mtoto wa miaka mitano ni watu wasiojuana. Nilikata maboksi, nikatengeneza kadi zenye herufi kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili, zikawa zinazunguka majumbani kwa zamu. Nyingine zilirudi na mafuta ya taa, nyingine hazikurudi.

Na kanga zina mambo yake. Binti mmoja aliyechangamka alisimama uwanjani akasoma kwa sauti kanga ya jirani yao, HASIDI HANA SABABU, mwenyewe akiwa ameivaa kwa makusudi anayoyajua yeye na mwenzake wa nyumba ya pili. Mama wa mtoto alikuja kuniona. Tulicheka, lakini tangu hapo nasema: someni za nyumbani kwenu.

Wengi wa watoto wangu wanakwenda madrasa pia, na hilo ni mtaji. Wanajua tayari kwamba alama ina sauti, na wamezoea kufuata mstari kwa kijiti. Baadhi huanza kuandika kutoka kulia. Nawachorea nyota ndogo upande wa kushoto wa ukurasa, mkono unaanzia hapo. Kuna bibi waliodai hawajasoma kumbe juzuu wanaisoma bila kusita. Hao nawaambia waendelee vivyo hivyo, kidole chini ya mstari.

Akina baba waliingia kwa njia yao: majina ya madau ufukweni na maandishi nyuma ya bodaboda. Sikuwapangia.

Sasa tuko kwenye silabi zenye mwambatano, nya na ng'a, na mwendo ni wa taratibu. Wapo ambao bado wanaanzia a ili kuifikia o. Hao nakaa nao na vizibo wakati wenzao wanakunywa uji.